Nyumba ya Sikubali

Nilipozinduka nilikuwa na haki ya kupiga kura katika nyumba nisiyoijua. Sijui nilifikaje, na sikuuliza, kwa sababu katika ulimwengu ule anayeuliza amefikaje huambiwa kwamba yupo tangu mwanzo, na mimi sikutaka kuambiwa hivyo. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mwaloni. Mbele yangu palikuwa na meza ndefu, ndefu hata watu wa mwisho kule walionekana wadogo, na juu yake uji, uyoga, asali na mkate mweusi. Mwanamke mwenye nywele za rangi ya kitani alinisogezea bakuli kana kwamba jana nililala kwake.

"Kula, baba," alisema. "Asubuhi yetu ni ndefu. Haina kitu ila misitu, na miungu inayokaa mitini."

Nikachungulia dirishani. Kweli ilikuwa misitu mitupu, na juu ya mti mmoja ndege mkubwa mweupe alikuwa akijenga kiota. Sijamaliza hata nusu ya uji, akaja mtu na msalaba na ndoo ya maji, akammwagia mkuu wa nyumba. Kwa kuwa mkuu amelowa, wote tukahesabiwa kuwa tumelowa. Ndivyo historia inavyoingia majumbani mwa watu. Haipigi hodi. Inammwagia mmoja maji, kisha inawaambia wengine wajikaushe.

Mwanamke yule aliitwa Bogna. Alipotaja jina lake alikuwa msichana. Alipoinua kikombe anywe alikuwa na mvi. Alipokiweka chini alikuwa msichana tena. Macho yalinitoka pima. Nilitaka kupiga kelele, lakini wenzangu mezani walikuwa wakitafuna tu, nikaona haya kuwa mtu pekee anayeshangaa.

"Hii unayoiona nyumba ni nchi," aliniambia. "Wageni wanaiita Polandi. Iko katikati ya Ulaya, na kosa lake ni kwamba ni tambarare. Upande linakochomoza jua hatuna mlima wa kuegemea. Upande linakozama, hatuna. Jirani akitaka kumpiga jirani mwenzake, njia yake ni sebule yetu, na farasi wake hawafuti miguu."

"Na mimi unanitakia nini, mama?"

"Wewe ni mgeni tu, keti. Ninaowataka ni wanangu. Kabla jua halijazama nataka wakubaliane. Wote, asibaki hata mmoja, japo mara moja. Nyumba isiyoweza kukubaliana ni watu waliokutana kujikinga mvua tu. Mvua ikikatika kila mtu anashika njia yake, na hakuna atakayesema hapa palikuwa na nyumba."

Alisema hivyo bila kunung'unika, nami nikajua kwamba hilo ndilo lililokuwa linamweka hai karne zote zile. Nikamwambia nitakaa nione.

Ikawa adhuhuri, na nyumba ikavimba. Ilioana na nyumba ya jirani wa kaskazini, ukuta wa kati ukabomolewa, na sasa mtu angeweza kutembea ndani kwa majuma bila kutoka nje. Ngano ilitelemshwa mtoni kwenda kulisha majumba ya mbali. Waliofukuzwa kwingine kwa sababu ya dini yao walipewa vyumba. Hapo ndipo nilipomjua Berek, mshonaji, na Hinda mkewe, waliokaa chumba cha chini wakisali kwa lugha ya kale na kumcheka kila anayepita dirishani na koti lililokatwa vibaya. Baba wa nyumba hakuzaliwa baba. Wenye mabenchi walikusanyika uwanjani na farasi wao, wakapiga kelele, na aliyepigiwa kelele nyingi ndiye aliyekuwa baba, hata kama ni mgeni asiyejua kuomba chumvi kwa lugha yao.

Nilifurahi, sitaficha. Nilijiambia: kumbe pana mahali duniani ambapo mkubwa huulizwa umekuwa mkubwa kwa ruhusa ya nani! Kisha nikawaona watu waliosimama mlangoni, udongo umewakauka miguuni. Wao ndio waliolima ngano yote ile, na hawakuwa na benchi. Nilimtazama Bogna anieleze. Akatazama chini, na furaha yangu ikaniishia.

Alasiri ya kwanza, kwa maana alasiri za nyumba ile zilikuwa kadhaa, Bogna alisimama mezani.

"Wanangu, majirani zetu watatu wameonekana wakipima ua wetu kwa kamba. Tuweke lango. Tuajiri walinzi. Tuzibe paa."

Walizungumza alasiri nzima, na nilishangaa jinsi walivyozungumza vizuri. Wakakubali lango. Wakakubali walinzi. Wakakubali paa, na kisima kichimbwe, na watu wa mlangoni wapewe angalau viti. Kwa kuwa katika nyumba ile neno likishakubaliwa huwa kitu, lango lilikuwa limekwisha kusimama uani, kisima kimejaa maji, na watoto walikuwa wanakunywa. Lilibaki jina moja la kuulizwa. Alikuwa Dobromir, mpwa wa Bogna, mtu wa masharubu na mshipi wa hariri, mwenye kicheko cha kupendeza. Akasimama, akajinyoosha nguo, akasema:

"Sikubali."

Basi. Neno hilo moja. Sikuwahi kuona kitu kama kile, na naomba nisikione tena. Mbao za lango zilichomoka zikarudi msituni zikawa miti. Kisima kilijifukia, watoto wakabaki na vikombe vya mchanga mdomoni. Mkate uliokwisha kuokwa uligeuka unga mikononi mwa waliokuwa wakiula. Kila kilichokubaliwa alasiri hiyo kilifutika, si lango peke yake bali vyote, na wale wasemaji wazuri walikusanya kofia zao na kwenda zao.

Nilimfuata Dobromir ukumbini nikamshika mkono.

"Ndugu yangu, umefanya nini?"

"Nimekuwa huru," alisema, na aliniangalia kwa huruma ya kweli. "Kwenu mtu mmoja anaweza kumzuia mfalme na baraza lake lote kwa neno moja?"

"Hawezi."

"Basi pole. Kwetu hakuna wingi wa watu unaoweza kumlazimisha mmoja. Hiyo ndiyo lulu ya nyumba hii. Dunia nzima haina."

"Lakini ulikuwa na sababu gani ya kukataa lango?"

"Lazima niwe na sababu? Ukihitaji sababu, si uhuru tena. Ni hoja."

Alipogeuka niliona koti lake la manyoya lilikuwa jipya, na limeshonwa kwa mtindo wa jirani wa mashariki. Berek mshonaji, aliyekuwa akipita, alilitazama mara moja tu akatikisa kichwa.

Nilikaa kitako palepale ukumbini. Mtu mmoja akiweza kuzuia wote, wote ni mateka wa mmoja. Wote wakiweza kumzuia mmoja, mmoja ni mateka wa wote. Nilitafuta katikati ya hayo mawili mahali pa kuweka mguu, sikupaona. Dobromir alikuwa mpumbavu, hilo naliapia, na pengine alikuwa amenunuliwa. Lakini alichokisema hakikuwa cha kipumbavu, na jambo hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Ingekuwa rahisi kama maangamizi yangeletwa na watu wasio na akili.

Alasiri ya pili lango likajengwa, likafutika. Alasiri ya tatu, hivyohivyo. Safari hii si Dobromir, alikuwa mwingine, na baada yake mwingine, maana neno lile lilikuwa tamu na kila mtu alitaka kulionja kabla hajafa. Majirani walishaacha kujificha. Walikaa juu ya ua miguu ikining'inia, wakitusikiliza na kucheka. Bogna alikonda. Akaja kwangu, kichwa kimejaa mvi, na safari hii mvi hazikuondoka.

"Neno lenyewe ndilo tulifute," alisema. "Lisiwepo tena. Wengi wakikubali, liwe limepita. Utanyosha mkono, mgeni?"

"Nitanyosha yote miwili, mama."

Ilikuwa mwezi wa Mei. Wenye Sikubali wengi walikuwa wamesafiri kwa sikukuu, na wachache waliojaribu kusimama walifunikwa na shangwe. Tulinyosha mikono. Nililia. Watu wa mlangoni waliambiwa kwamba sasa nao watalindwa na sheria, na kengele zililia mpaka njiwa wakahama. Bogna alicheza katikati ya meza, viatu mkononi. Neno lilikufa, lango likasimama, na halikuanguka.

Hata mkate wa sherehe haujapoa, majirani watatu wakaingia na msumeno.

Hawakugombana nasi. Walisema, kwa sauti ya watu wenye adabu, kwamba nyumba inayojitengeneza ni hatari kwa mtaa. Walikata kipande cha mashariki, wakakata cha magharibi, wakakata cha kusini. Nilisubiri waache japo jiko. Hawakuacha. Walipomaliza waliichukua ramani, wakaikung'uta kama kitambaa cha meza, na pale tulipokuwa pakawa hapana kitu.

Niseme nini? Nilikuwa nimeketi, na sikuwa na kiti. Nilikuwa ndani, na hapakuwa na ndani. Bogna alikuwa mahali pake akimenya viazi juu ya meza isiyokuwapo, na viazi vilimenyeka. Nilimwuliza, kama tumefutwa, anayeuliza swali hili ni nani? Nilijigusa uso. Nilifikiri kwamba kitu kipo kwa sababu kinaonekana, kwa sababu kina mipaka, kwa sababu mwenye nguvu amekiandikia jina. Hayo yote yaliondoka, na harufu ya viazi ikabaki. Labda kuwapo ni ukaidi tu. Labda nchi ni ile tabia ya watu kuendelea kuketi mahali ambapo benchi limeondolewa.

Bogna alizungumza wakati huo wote, hakunyamaza, na alizungumza vipande vipande kwa sababu shuleni lugha yake ilikuwa imekatazwa.

"Sema mkate. Sema kwa sauti ndogo. Sema dirisha. Dirisha halipo, wewe sema tu... Wanangu wametoka na mikuki, hawakurudi. Wengine wametoka na vitabu, wamepelekwa kwenye theluji... Wameinuka tena. Nimewaambia msiinuke, nimewaambia inukeni, sikumbuki nimewaambia lipi... Huyu mjukuu anamwita jirani baba. Mwache. Atakuja jikoni akisikia njaa, na jikoni ni kwangu... Sema mkate."

Zaidi ya karne moja ilipita hivyo. Halafu majirani watatu wakakamatana koo wao kwa wao, wakaanguka wote, na nyumba ikarudi! Ilirudi kwa kishindo, vyumba vitatu vyenye rangi tatu tofauti, milango haikutani, reli za mashariki hazilingani na za magharibi. Tulikumbatiana. Dobromir alirudi, au mwanawe, masharubu yaleyale, akanibusu mashavuni. Hinda alileta mkate uliosukwa. Hata watu wa mlangoni sasa walikuwa na benchi na sauti. Nilidhani ndiyo jioni.

Haikuwa jioni. Giza lililokuja lilikuwa moshi.

Waliingia majirani wawili kwa mpigo, mmoja upande wa jua kuchomoza na mwingine upande wa jua kuzama. Hili sitalisimulia kwa mpango, kwa sababu halikuwa na mpango kwa aliyekuwa ndani yake, ijapokuwa waliolifanya walikuwa na mpango wa kila kitu. Nyumba ilichomwa chumba kwa chumba. Nilipoweza kusimama nilishuka chumba cha chini, nikaita. Berek. Hinda. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye koti, uzi bado uko ndani yake. Sahani zilikuwa zimepangwa. Chumba cha pili, hakuna mtu. Cha tatu, hakuna. Nilifungua milango yote ya upande ule na kila mlango ulifunguka bila shida, maana hakuna aliyekuwa ameachwa wa kuufunga. Karne na karne za watu. Nilirudi juu.

"Wako wapi?" nilimwuliza Bogna.

"Wamechukuliwa wakauawa. Wote. Waliofanya ni wale wa upande wa jua kuzama, hapa hapa kwetu."

"Na nyumba ilifanya nini?"

Alikung'uta majivu mikononi.

"Pana aliyewaficha darini akapigwa risasi na wanawe. Pana aliyewaonyesha kwa kidole. Na pana wengi, mgeni, wengi sana, waliofunga dirisha. Usiniulize ni yupi alifanya lipi. Wote wanaitwa wanangu."



Walichokifanya wanawe baadaye kingenishangaza kama bado ningekuwa na mshangao wa kutumia. Walichukua picha za kale, zilizochorwa na mtu aliyependa nyumba ile, wakazisimamisha juu ya kifusi, na wakaijenga upya kwa kutazama picha. Tofali kwa tofali, mpaka nyufa. Ilipokamilika mshindi wa vita, yule wa mashariki, aliibeba nzima, akaisogeza magharibi, akaitua juu ya uwanja wa watu wengine. Tukaingia tukakuta vikombe vya wenyewe waliofukuzwa bado vina kahawa ya moto. Tukainywa. Mjomba wa mashariki akaweka kiti chake kwenye ujia akatuambia yeye ndiye urafiki, na anayetaka kwenda chooni apite mbele yake. Tulipita mbele yake miaka mingi. Halafu mafundi wa meli wakaweka nyundo chini, wakakataa kutoka kiwandani, wakaimba wamekaa, na siku moja kiti cha ujiani kikaonekana kitupu.

Ndiyo ikawa jioni, jioni ya kweli, ya leo. Madirisha yalikuwa ya vioo viwili. Vyombo vya kupasha joto vilivuma kando ya ukuta. Meza ilikuwa imejaa, na nilipoona watu wameshiba nilisikia raha. Wit, kijana wa Bogna wa mwisho, msafi, mwenye miwani, aliongoza baraza.

"Ajenda moja tu," alisema. "Upande wa mashariki, msituni, kuna watu. Yule wa mashariki amewaleta kwa makusudi wapenye uani kwetu, atuvuruge. Hilo tunalijua sote."

"Ni kweli," alisema Dobromir wa leo. Alivaa suti ya bluu, na masharubu. "Anawatumia kama fimbo."

Nilikwenda dirishani. Walikuwa wameketi juu ya majani yaliyoganda, nguo zao nyepesi. Mwanamke mmoja alikuwa akimbembeleza mtoto, na maneno yalinifikia kupitia vioo viwili. Alikuwa akisema lugha yangu. Alikuwa akimwambia vumilia, mwanangu, wale kule wana taa.

"Pendekezo: tufunge lango," alisema Wit. "Wanaokubali?"

Mikono ikanyoshwa. Nilitazama meza nzima mpaka mwisho kule. Wa shamba walinyosha, wa mjini walinyosha, wajukuu wa waliopelekwa kwenye theluji walinyosha, wanaochukiana hata kwa rangi ya kuta walinyosha. Haijapata kutokea. Bogna alisimama, mkono kifuani, mashavu yamemwiva wekundu wa msichana.

"Wote?" aliuliza. "Jamani, wote? Mmekubaliana nini? Masikio yangu mazito."

Dobromir akamwinamia akamweleza sikioni, polepole, kama mtoto mwema. Nilimwona anavyokwisha rangi.

Nami niliruka juu ya benchi. Sikufikiri. Nilisema lile neno ambalo nililichukia karne zote hizo, kwa sauti yangu yote:

"Sikubali!"

Nilisubiri mbao zichomoke. Nilisubiri lango lirudi msituni likawe miti. Vyombo vya joto viliendelea kuvuma.

"Sauti moja imepinga," alisema Wit, bila ubaya wowote. "Imepita."

"Nimesema sikubali! Mtu mmoja anatosha!"

"Alikuwa anatosha. Neno hilo tulilifuta, mjomba. Wewe mwenyewe ulinyosha mikono miwili, picha yako iko ukutani, unalia."

Nilishuka kwenye benchi. Bogna alikuwa amekwisha kuchukua shali yake msumarini. Alijifunga kichwa vizuri, akakunja mkate ndani ya kitambaa, akafungua mlango, baridi ikaingia ikatupiga usoni.

"Mama, unakwenda wapi?" Dobromir alimkimbilia. "Kuna baridi, mama. Rudi tuzungumze."

"Mmekwisha kuzungumza, mwanangu. Mmekubaliana wote, nimewaona kwa macho yangu. Sasa fanyeni mlichokubaliana."

Alivuka ua. Alipita langoni bila kugeuka, akaingia kati ya miti, akachuchumaa mbele ya yule mwanamke, na nikamwona akimegea mtoto mkate. Wit alikuwa ameshika komeo. Alitazama nyuma, akatutazama sisi mezani, mmoja mmoja, akingoja mtu aseme lolote. Nilijua sauti yangu ni moja tu na imekwisha kuhesabiwa. Dobromir aliita tena, mama, kwa sauti ndogo. Hakuitikiwa.

"Kura ni kura," mtu fulani alisema kule mwisho wa meza.

Wit akafunga lango, mama yao akiwa nje.